Mkondo Aliouzika Agossou

Agossou Hounkanrin alivuta mkokoteni mtaani Tovègon, jijini Cotonou, kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwita mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa takataka. Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akikusanya maganda ya muhogo, majivu, viatu vilivyokatika, mifuko, chupa na vichwa vya samaki, kisha akavipeleka kwa mtu aliyekuwa anavingoja. Maana Tovègon kulikuwa na watu wa namna mbili: wenye taka wasizozitaka, na wenye viwanja vya maji waliozitaka.

Aliyenunua kiwanja bondeni alinunua matete, vyura na maji ya magotini. Basi alimwita Agossou. Agossou alimwaga mikokoteni mia, mia mbili, akatandaza vumbi la mbao, akafunika kwa mchanga wa ziwani, halafu akarukaruka juu yake kama mcheza ngoma. Pakiwa hapatikisiki alisema, "Haya, lete mafundi." Watu walimwita Baba Viwanja. Kwenye harusi alikaribishwa mbele. Hata kiwanja chake mwenyewe, alipojenga vyumba viwili yeye na mkewe Ablawa, alikiotesha kwa mikono yake kutoka majini.

Katikati ya bonde hilo, zamani, palipita mkondo. Haukuwa mto wa kutajwa jina. Ulikuwa maji ya kahawia yaliyotembea polepole chini ya matete, yakikusanya mvua ya mtaa mzima na kuipeleka Ziwa Nokoué. Mahali pamoja ulibanwa na vijilima viwili vya mchanga, ukawa mwembamba hata mtu aliweza kuuruka. Wavuta mikokoteni walipaita Shingoni. Wenzake, ambao baadaye walihama mtaa, walijaza huku na kule, lakini Shingoni alipajaza Agossou peke yake, kwa wiki kumi na moja, kwa agizo la Daa Kpossou, mzee wa ukoo na mfanyabiashara aliyetaka kujenga ghala la saruji.

Siku ya mkokoteni wa mwisho Agossou aliona kitu ambacho hakumwambia mtu. Maji ya upande wa juu yalisimama. Hayakufanya kelele. Yalizunguka taratibu, yakarudi, yakazunguka tena, kama mbuzi aliyekuta zizi limefungwa. Vinyweleo vikamsimama mikononi, jua la saa saba likiwa utosini. Akafuta jasho, akarudi nyumbani, akala akasa, donge la uji wa mahindi, na samaki wa kukaanga, akajiambia kwamba maji ni maji tu, yatakauka.

Hayakukauka. Kila msimu wa mvua yalikaa zaidi kidogo. Mwaka wa kwanza siku mbili, mwaka wa nne wiki, mwaka wa saba mwezi mzima. Watu walilalamika kwamba mvua za siku hizi zimeharibika. Agossou alilalamika nao. Lakini wingu likitanda alikuwa anakosa raha, anatoka, anaingia, anatoka tena.

"Una nini wewe?" Ablawa alimuuliza. "Mvua inakutafuta wewe peke yako?"

"Tumbo tu."

"Tumbo gani linaloangalia juu?"

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa sita. Mvua ilianza alfajiri ikanyesha bila kupumua. Ilipofika saa tatu asubuhi maji yalikuwa yamevuka kizingiti cha Agossou, na Ablawa alikuwa ameshapanda mezani na sufuria zake za akasa. Ndipo waliposikia sauti ya mwanamke ikiita kutoka nyuma ya nyumba. Alikuwa Sikirath, fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyemwita Agossou Fofo, yaani kaka, na aliyeishi na baba yake, Baba Lamidi, mzee ambaye miguu yake ilikuwa imekufa tangu kiharusi cha mwaka juzi.

Agossou akatoka. Maji yalimfika kiunoni, na hayakuwa baridi. Yalikuwa vuguvugu kama mate, na harufu yake aliijua. Akashika ukuta, akajikokota mpaka dirishani kwa Sikirath. Dirisha lilikuwa na nondo, kama madirisha yote ya Tovègon, kwa ajili ya wezi.

"Fofo Agossou! Mlango umekataa!"

"Rudi nyuma, nausukuma!"

"Utasukuma nini, unafungukia nje! Maji yameubana!"

Akauvuta mlango. Ulikuwa kama umejengewa tofali. Akauvuta tena mpaka kucha ikang'oka, wala hakuhisi maumivu.

"Baba yuko wapi?"

"Nimempandisha juu ya meza ya cherehani. Nimemshika." Sauti ya Sikirath ilikuwa nyembamba, ya mtu anayejizuia asipige kelele. "Fofo, sakafu yetu iko chini, yamenifika kifuani."

Kutoka ndani mzee akauliza, "Nani huyo?"

"Ni Agossou, Baba."

"Agossou wa taka? Mwambie leo hatuna kitu."

Agossou akapiga mayowe kuita watu. Wakaja vijana wawili wa pikipiki za kukodi, bado wamevaa mashati yao ya manjano, na mmoja wao akafumua ekseli ya mkokoteni wa Agossou uliokuwa unaelea umefungwa kwenye nguzo. Wakaichomeka kati ya nondo, wakaegemea wote watatu. Na hapo, akiwa ameegemea hivyo, miguu yake imekita chini ya maji asiyoyaona, Agossou alihisi jambo. Maji yalikuwa yanatembea. Yalimpita mapajani yakielekea magharibi, kule kwenye ghala la Daa Kpossou, yakakaa kidogo, halafu yakamrudia. Yakaenda, yakarudi. Yalikuwa yanautafuta mlango wake wa kutokea, na yeye peke yake, katika watu wote waliokuwa wakilia mtaani asubuhi ile, ndiye aliyejua ulikuwa wapi na nani aliufunga.

Akasahau kusukuma. Kijana mmoja akamkemea, "Mzee, kaza! Usilegee!"

Nondo ya kwanza ikang'oka, ikafuata ya pili. Sikirath akasema baba atangulie. Akamnyanyua, akamtoa kichwa na bega, na Agossou akamshika mzee kwapani. Joho lake lilikuwa limelowa likateleza kama samaki. Wakati huohuo ukuta wa uani kwa jirani wa juu ukaanguka. Hawakuuona ukianguka. Walisikia mshindo, kisha wimbi likaja limebeba mapipa na mbao, likawapiga wote. Agossou alipozama aliachia. Alipoibuka mikono yake ilikuwa mitupu.

Sikirath walimtoa akiwa hai. Baba Lamidi walimpata saa nane mchana, maji yaliposhuka kidogo, chini ya meza ileile ya cherehani. Wakamzika jioni hiyohiyo kwenye makaburi ya Waislamu, mahali pakavu, na Agossou akasimama nyuma kabisa ya watu, hajavua nguo zake za matope.

Baada ya hapo hofu ilihamia kwake kama mpangaji. Alikuwa akinawa uso anasikia maji yanasogea kwenye beseni, anashtuka. Akivuta mkokoteni juu ya barabara iliyokauka alisikia chini ya magurudumu kitu kikihema. Ablawa, aliyekuwa wa kanisa la mavazi meupe, alimpeleka akaombewa, akamwagiwa maji ya baraka. Alipomwagiwa alipiga yowe, wimbo ukakatika.

Mwezi wa nane wakaja watu wa mipango miji. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, Madamu Fifamè Zannou, na alibeba ramani zake mwenyewe bila kumpa mtu. Aliwakusanya wakazi kwenye banda la shule. Hakuanza na pole ndefu.

"Mmeomba pampu," alisema. "Pampu nitaleta. Lakini pampu hutoa maji kwako ikayapeleka kwa jirani, na umeme ukikatika yanarudi. Maji yanahitaji njia. Tunataka tuyafungulie mkondo wake wa zamani mpaka ziwani, tuweke mabwawa mawili ya kuyapumzisha yakizidi, kando yake kiangazi watu walime mboga, na pasijengwe tena. Walio juu ya njia hiyo watahamia Kpokpodji, kwenye mchanga, kila mmoja na kiwanja chake."

Banda likafumuka kelele. "Kpokpodji kuna soko?" "Nani atanunua samaki wangu huko, kunguru?" "Nyumba nimejenga miaka kumi na tatu, Madamu!"

Akawaacha wapige kelele mpaka wakachoka. Kisha akanyanyua picha kubwa iliyofifia, iliyopigwa kutoka kwenye ndege miaka arobaini nyuma. "Mkondo nauona hapa, na nauona hapa. Katikati picha imeliwa na ukungu. Nikikosea hatua thelathini, nitabomoa nyumba za watu bure na maji yatabaki palepale. Nani anakumbuka yalipita wapi?"

 Wazee walikuna videvu, wakasema ni zamani. Agossou alikuwa ameketi safu ya tatu.  Alitazama vidole vya miguu yake, na alipoinua macho alimkuta Daa Kpossou, kwenye kiti cha plastiki mbele, amegeuka anamtazama. Anatabasamu.

Kesho yake Kpossou akaja kwake na chupa ya sodabi, gongo ya mchikichi, iliyofungwa kwa karatasi, kama mtu anayekuja kuposa. Akakaa. Akamuuliza hali ya mkewe, hali ya mgongo wake, hali ya mkokoteni.

"Kazi yako naipenda, Agossou. Unajua kwa nini? Mkokoteni hauna mdomo."

"Ndiyo, Daa."

"Unabeba vya watu, unamwaga, unasahau. Ndiyo heshima yake." Akamimina glasi mbili. "Sasa fikiria mtu aanze kukumbuka. Hapa alimwaga kwa fulani, pale kwa fulani. Nyumba mia moja na kitu zitalia. Watamlilia nani? Mwanamke mwenye miwani atapanda gari aende zake. Atakayebaki mtaani ni nani?"

"Ni mimi, Daa."

"Kunywa basi."

Agossou akanywa. Glasi iligonga meno yake mara mbili kabla haijapata njia.

Ablawa, aliyekuwa nyuma ya pazia anafunga akasa kwenye majani, alisubiri mpaka hatua za Kpossou zikapotea. "Ulimjazia nini yule mtu, Agossou?"

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na lilipotoka alijikuta anapumua kwa mdomo kama aliyekimbia. Ablawa aliendelea kufunga majani, moja, jingine, jingine.

"Na nyumba yetu?"

"Nyumba yetu iko juu yake. Kitanda chetu kiko katikati yake."

"Ulijua tangu tunajenga?"

"Nilijua palikuwa na maji. Kila mahali palikuwa na maji, mke wangu."

"Sikukuuliza kila mahali," alisema Ablawa, na hakusema naye tena siku mbili.

Aliyemvunja Agossou hakuwa mkewe wala Madamu Zannou. Alikuwa Sikirath. Alikuja siku ya tatu, mwembamba kuliko alivyokuwa, ametundika mita yake ya kushonea shingoni kwa mazoea. Alisema amejiandikisha kumsaidia Madamu kupima, kwa kuwa hawezi kukaa ndani ya chumba kile bila kusikia maji yale. Akamwomba Agossou naye aje, yeye mtu wa zamani mtaani.

"Uliingia majini kwa ajili yangu, Fofo. Njoo na kwa hili."

Agossou alijaribu kusema tumbo. Alijaribu kusema kazi. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Sikirath, mimi ndiye niliyeziba. Pale Shingoni. Yale maji yaliyomchukua Baba, mimi ndiye niliyeyafungia njia."

Sikirath hakulia, na hakumpiga, ingawa Agossou alikuwa amekaza uso akingoja. Alivua mita shingoni, akaizungusha kiganjani. Kisha akasema, "Baba ndiye aliyekuita ujaze kiwanja chetu. Nilikuwa nimebeba ndoo ya mchanga, nakumbuka. Tulicheka."

"Ndiyo."

"Usiniambie mimi nikusamehe. Sijui bado." Akaivaa tena mita. "Kamwambie mwenye ramani. Na mimi nitakuwepo nikikuangalia unavyosema."

Wakaenda wote wawili. Mbele ya ofisi ya muda, kontena la bati lililowekwa kando ya shule, miguu ya Agossou ilikataa ngazi ya mwisho. Sikirath hakumshika mkono. Alisimama tu nyuma yake, akaziba njia ya kurudi.

Madamu Zannou alisikiliza bila kuandika. Agossou alipomaliza, aliuliza swali moja tu. "Unaweza kunionyesha kwa miguu?"

Wakaanza Jumatatu. Agossou alichukua nondo ndefu, akaenda mbele. Alijua kilichokuwa chini ya kila uwanja. Penye ardhi ya asili nondo iligonga mchanga mgumu na kurudi mkononi. Penye mkondo ilizama kama kisu katika akasa ya moto, ikatoka na harufu. Kila ilipozama Sikirath alifunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kigingi, vipande vya magauni aliyokuwa ameyakata kabla ya gharika, ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Hivyo mstari mwekundu ukaanza kutambaa kupitia Tovègon, nyuma ya jiko la huyu, katikati ya uwanja wa yule, chini ya kibanda cha kinyozi.

Watu walitoka kuwatazama. Siku ya kwanza walinong'ona. Siku ya pili walisema.

"Baba Viwanja! Ulitulaza juu ya taka, sasa unataka kutulaza njiani?"

"Amehongwa huyo. Tazama alivyonenepa."

"Kanenepa wapi? Hofu ndiyo imemvimbisha!"

Wakacheka, na mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, ambaye kigingi kilikuwa kimeangukia mlangoni pake, hakucheka. Akauliza kwa upole, "Fofo, nina uhakika umekosea. Angalia tena." Agossou akaangalia tena. Akapiga nondo mara tatu mahali pale, na mara zote tatu ikazama. Hakuweza kumtazama usoni. Jasho lilimtoka mpaka nondo ikawa inateleza mkononi, na moyoni alikuwa anaomba iguse mchanga, hata mara moja, hata kwa uongo.

Siku ya tatu mstari ukafika nyumbani kwake. Umati ulikuwa mkubwa. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Haya, tuone! Kwake utapinda!"

Haukupinda. Agossou akaingia ndani, akasogeza kitanda, akavunja sakafu yake ya saruji kwa sururu huku Ablawa amesimama mlangoni amejifunika kanga mdomoni. Akachomeka nondo. Ilizama mpaka mkononi. Sikirath akampa kigingi, naye akakipigilia hapo mahali pa kichwa cha mkewe. Umati ukaanza kutawanyika mmoja mmoja.

"Wewe mwanamume," alisema Ablawa walipobaki wawili. "Ungenipigia hodi angalau." Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda kilichosogezwa, akalia, na Agossou akakaa sakafuni karibu na miguu yake.

Kesho yake asubuhi alikuta mkokoteni wake umechomwa. Zilibaki chuma na majivu, na juu ya majivu kulikuwa na chupa tupu ya sodabi imesimamishwa wima. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Agossou akaichukua chupa, akaiweka kando. Aliwaza kwenda kwao Abomey. Aliwaza kwamba Madamu anaweza kumalizia mwenyewe, kwani zilibaki hatua mia mbili tu. Lakini hizo hatua mia mbili ndizo zilikuwa Shingoni, na ukungu wa ile picha ulikuwa palepale.

Alikwenda. Hakwenda kwa ushujaa. Wale waliomwona walisema alitembea kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Madamu Zannou alikuja na askari wawili wa jiji, Sikirath alikuja na vitambaa, na, jambo ambalo hakulitegemea, wakaja wale vijana wawili wa mashati ya manjano, wakaegesha pikipiki zao kwenye lango la ghala. Daa Kpossou alisimama kivulini na simu sikioni. Agossou alipompita, Kpossou alisema kwa sauti ndogo, "Mvua ikija, tutajua nani ni rafiki wa nani."   Agossou akazunguka ghala, akapiga nondo kwenye kona ya kaskazini, ikazama. Kwenye kona ya kusini, ikazama. "Hapa," alisema. "Toka hapa mpaka pale. Mikokoteni elfu moja na zaidi. Yote ni yangu."

Kubomoa kulichukua mwaka na nusu. Kesi ya ghala ilikwenda mahakamani, ikarudi, ikaenda tena, na mwishowe Kpossou alilipwa zaidi ya wengine wote, kama kawaida ya wenye makaratasi. Wengi walihamia Kpokpodji wakinung'unika. Kule kulikuwa na mchanga mweupe, viwanja vilivyonyooka na upepo, ila hakukuwa na mteja. Ablawa alitembea saa nzima na akasa yake kichwani mpaka soko likaanza kujisogeza lenyewe, meza moja, meza mbili. Yule mwanamke wa mtoto mgongoni alijenga nyumba mbili kutoka kwao. Hakumsalimia Agossou. Mumewe alimsalimia, lakini kwa kidevu tu.

Tingatinga lilipochimba Shingoni, Agossou aliitwa awepo. Alisimama ukingoni akatazama miaka yake ikipanda juu kwenye ndoo ya chuma: mifuko myeusi isiyooza, kandambili za watoto waliokwisha kuwa watu wazima, betri za redio, mifupa, manyoya ya kuku. Walipofika chini kabisa hakuna aliyeleta maji. Yalitokea yenyewe. Kwanza unyevu, halafu dimbwi, halafu, polepole, likaanza kusogea kuelekea ziwani. Dereva wa tingatinga akashangilia. Agossou akarudi nyuma hatua tatu.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya hapo ilikuja Jumapili, watu wakiwa kanisani. Agossou alitoka katikati ya wimbo, akakimbia kwa joho lake jeupe, miguu peku, kutoka Kpokpodji mpaka Tovègon. Alimkuta Sikirath ameshafika, amesimama kwenye daraja jipya chini ya mwavuli uliovunjika mbavu. Hawakusalimiana. Chini yao maji yalikuwa yamepanda, yamejaa povu na matawi, yanakuja kwa nguvu. Bwawa la juu lilijaa. Yakafika ukingoni. Agossou alishika reli ya daraja, akasubiri yasimame, yageuke, yarudi.

Hayakurudi. Yalipita chini ya daraja, yakaenda.

"Yamekwenda," alisema Sikirath.

"Subiri kwanza."

Wakasubiri mpaka saa kumi. Uwanja wa shule uliloa. Nyumba tatu za kona ya kinyozi ziliingiwa na maji ya kifundo cha mguu, yakatoka kabla jua halijazama. Hakuna aliyekufa Tovègon siku hiyo. Sikirath alikunja mwavuli, akamtazama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema lile neno alilokuwa hajui bado. Kisha akasema, "Twende ukabadili nguo, utaugua," na Agossou akalichukua hilo kama lilivyo.

Jumanne ofisi ya mipango miji ikampa kazi ya kuutunza mkondo, kuufagia na kuwafukuza wavuta mikokoteni wanaokuja kumwaga. Jumatano wakaja watu kutoka Sodokpa, mtaa wa chini ya Tovègon, karibu na ziwa. Walikuwa kama ishirini na wamekasirika. Yule aliyetangulia, bibi mnene mwenye sauti ya soko, alisimama mlangoni kwa Agossou.

"Wewe ndiye uliyefungua? Basi njoo uone maji yenu yalipolala. Yamelala kwangu! Kuku kumi na wanne!"

 Ablawa alimwangalia kutoka jikoni. Agossou akauliza, "Mama, huko kwenu nani alikuwa akijaza viwanja?"

 Kati ya wale ishirini, mwanamume mmoja mwenye mabega mapana na viganja vyenye sugu aliinamisha uso, akaanza kujipapasa mifukoni kana kwamba amepoteza ufunguo.

Agossou akamwona. Akavaa shati, akatoka nje, akaenda kusimama karibu naye.

"Twende wote," alimwambia taratibu. "Mimi pia naogopa."